Kura ya Turufu ya Asiye Mwanachama: Bodi ya DEC na Mwito wa Gaza wa Januari 2009

Tarehe 22 Januari 2009, siku nne baada ya mapigano kusimama Gaza, mashirika 13 ya misaada ya Uingereza, wanachama wa umoja uitwao DEC, yalitaka kuwaomba wananchi wa nchi hiyo michango kwa sauti moja. Siku hiyo hiyo BBC ilikataa kuurusha mwito wao hewani. BBC haikuwa mwanachama wa umoja huo, haikuwa na kiti katika bodi yake, wala haikutarajia kupata hata senti moja ya fedha ambazo zingechangwa, lakini kukataa kwake kulitosha kuitikisa taasisi iliyokuwa na umri wa miaka 46. Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha uandishi wa habari na cha kutopendelea upande. Mimi nakichukua kama kisa cha utawala wa taasisi ya wanachama, kwa kuwa kinaonyesha wazi mahali ambapo mamlaka ya bodi hukoma na mamlaka ya mtu wa nje huanza.

Umoja wenyewe ni Kamati ya Dharura ya Maafa, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, DEC. Uliundwa mwaka 1963 na mashirika matano: Msalaba Mwekundu wa Uingereza, Christian Aid, Oxfam, Save the Children na War on Want. Sababu ya kuundwa kwake ilikuwa ya kivitendo kabisa. Kila maafa makubwa yalipotokea mahali fulani duniani, mashirika yalibisha hodi kwenye milango ya vituo vya utangazaji kila moja kwa wakati wake, na vituo hivyo havikuwa na njia nzuri ya kumchagua mmoja na kumwacha mwingine. Mwito mmoja wa pamoja uliondoa adha hiyo: watangazaji wangeushughulikia mlango mmoja, mchangiaji angeombwa mara moja, na mashirika yangegawana kitakachopatikana. Ni vyema msomaji aukumbuke mwanzo huu, kwa sababu unaonyesha kwamba watangazaji walikuwamo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza, ingawa hawakuwahi kuandikwa katika daftari la wanachama.

Mwaka 1997 kamati hiyo ilisajiliwa kama taasisi ya hisani na kupewa umbo la kisheria la kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi kulipia madeni yake kwa kiwango kidogo kilichowekwa. Chini ya sheria za Uingereza taasisi ya aina hiyo huwajibika kwa Tume ya Taasisi za Hisani, na kila mdhamini anayeketi katika bodi yake anapaswa kuamua kwa kuangalia maslahi ya taasisi hiyo peke yake, hata kama amefika mezani akitokea taasisi nyingine. Shirika linalotaka kujiunga sharti liwe limesajiliwa Uingereza, liwe na uwezo wa kazi za dharura wa kiwango kinachokubalika, na likubali viwango vya pamoja vya kazi na uwajibikaji. Leo wanachama ni 15, kuanzia majina makubwa kama Oxfam na World Vision hadi Age International, ambayo kazi yake ni kuwatetea wazee.

Sasa tuiangalie bodi. Mwenyekiti ni mtu huru, asiyeajiriwa na mwanachama yeyote. Pamoja naye huketi wakurugenzi wakuu wa mashirika wanachama, na wadhamini wengine huru walioletwa kwa ujuzi wao wa fedha, habari au uongozi. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuketi katika kamati ya chama cha akiba na mikopo ataitambua hatari mara moja: wanaoamua jinsi fedha zitakavyogawanywa ndio hao hao watakaozipokea. Waswahili walikwisha kulisema jambo hili: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Bodi ya wakurugenzi 13, kila mmoja akiwa na wafanyakazi wa kulipa na miradi ya kuendesha, ingeweza kukesha ikijadili nani apate ngapi wakati watu wanafukuliwa kwenye vifusi.

DEC iliondokana na hatari hiyo kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo busara kubwa zaidi ya muundo wake: iliinyima bodi nafasi ya kuamua. Fungu la kila mwanachama hutokana na kanuni ya hesabu inayopima uwezo wake, na msingi mkuu wa kipimo hicho ni kiasi ambacho shirika limekuwa likitumia katika kazi za dharura katika miaka iliyotangulia. Maafa yanapotokea hakuna anayekuja mezani kuomba fungu, kwa sababu mafungu yanajulikana kabla hata jina la nchi iliyopata maafa halijatajwa. Asiye na kazi katika nchi husika hashiriki katika mwito huo. Mgongano wa maslahi unabaki, kwa kuwa mwanadamu ni yule yule, lakini umehamishwa kutoka saa ya maafa na kupelekwa katika vikao vya kawaida ambako kanuni hupitiwa kwa utulivu.

Kanuni hiyo ina kasoro zake. Shirika kubwa hupata kubwa hata pale ambapo shirika dogo linaijua zaidi nchi iliyopata maafa. Tena mwanachama mpya anapopokelewa, mafungu ya wote waliomtangulia hupungua, ilhali uamuzi wa kumpokea hupita mezani pa hao hao ambao mafungu yao yatapungua. Kasoro ya tatu ni kwamba fedha huenda kwa wanachama peke yao, kwa hiyo shirika la wenyeji wa Kivu Kaskazini au la Turkana huzifikia tu likiwa mshirika wa mwanachama mmojawapo, wala halina kauli katika kikao kinachoamua. Hata hivyo, ukilinganisha na majadiliano ya kila mwito, kanuni yenye kasoro inayojulikana mapema ni afadhali mara nyingi kuliko haki inayotafutwa usiku wa manane.

Uamuzi mmoja, hata hivyo, haukuweza kukabidhiwa kwa hesabu, nao ni kama mwito uzinduliwe au la. Hapo bodi hutumia masharti matatu. La kwanza ni ukubwa na uharaka wa maafa: lazima yawe ya kiwango kinachohitaji msaada wa haraka kutoka nje. La pili ni uwezo wa wanachama: lazima wawe na njia ya kufika na kufanya kazi vilivyo. La tatu ni umma: lazima pawe na uelewa na huruma ya kutosha kwa wananchi, au dalili za kweli kwamba wataguswa na kuchangia. Masharti mawili ya mwanzo yanaweza kujibiwa na mwanachama mwenye watu wake mahali pa tukio. La tatu haliwezi. Huruma ya umma hutengenezwa kwa sehemu kubwa na habari zinazoonyeshwa kila jioni, na mwito wenyewe hauna maana bila dakika chache za bure katika runinga na redio, pamoja na mabenki, posta na kampuni za simu zilizokubali mapema kupokea michango. Vituo vya utangazaji ni nguzo ya mtandao huu wa wahisani, na desturi ilikuwa kwamba vinashauriwa kwanza na kuafikiana vyote pamoja kabla mwito haujatoka.

Desturi ya maafikiano huonekana imara hadi siku ambayo mmoja anasema hapana.

Vita vya Gaza vilianza tarehe 27 Desemba 2008 na kusimama tarehe 18 Januari 2009. Zaidi ya Wapalestina 1,300 walikuwa wameuawa, na kwa upande wa Israeli waliouawa walikuwa 13. Mashirika wanachama yalikuwa na watu na washirika ndani ya Gaza, yakajiridhisha kwamba mahitaji ni makubwa na kwamba misaada inaweza kuingizwa, japo kwa taabu. DEC, ambayo mtendaji mkuu wake wakati huo alikuwa Brendan Gormley, ikawaendea watangazaji kama ilivyozoea. BBC ikakataa ikitoa sababu mbili: kwamba kulikuwa na mashaka iwapo misaada ingewafikia walengwa katika mazingira yale yasiyotabirika, na kwamba kuurusha mwito huo wakati habari yenyewe bado ni ya moto kungeifanya hadhira itilie shaka msimamo wake wa kutopendelea upande. Mkurugenzi mkuu wa BBC, Mark Thompson, alisimamia uamuzi huo hadi mwisho.

Sababu hizi mbili hutajwa pamoja kila mara, lakini kwa mtu wa utawala ni vitu viwili vya asili tofauti. Ya pili ni mali ya BBC: taasisi ya utangazaji inayoendeshwa kwa ada ya wananchi ina haki ya kulinda heshima yake, na hata anayeona kwamba ilikosea hawezi kusema kwamba iliingilia kazi isiyo yake. Ya kwanza ni jambo jingine kabisa. Swali la kama misaada itafika ni sharti la pili la DEC yenyewe, na waliokuwa na ujuzi, watu na wajibu wa kisheria wa kulijibu ni wadhamini wa DEC. Walikuwa wamekwisha kulijibu. BBC ilipolijibu upya, tena kinyume, ilijitwalia kiti katika bodi ambayo haikuwa na jukumu lolote ndani yake.

Ulinganisho mmoja unafaa kutajwa hapa. Miezi miwili tu kabla, Novemba 2008, DEC ilikuwa imezindua mwito kwa ajili ya Kongo, wakati waasi wa CNDP wakiongozwa na Laurent Nkunda walikuwa wamefika karibu na Goma na maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa njiani wakikimbia. Kule nako barabara zilikuwa hatari, na wenye bunduki walikuwa wengi kuliko wanaoweza kuhesabiwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuahidi kwamba kila gunia lingefika. Mwito ule haukuzua mzozo wowote wa namna hii. Tofauti iliyobaki baina ya Goma na Gaza ni jinsi kila vita vilivyogawanya watu ndani ya Uingereza yenyewe, na jambo hilo linarudi kwenye sababu ya pili ya BBC. Kwa hesabu yangu, sababu ya kwanza ilikuwa kivuli tu.

Bodi ya DEC ilibaki na njia mbili. Ingeweza kuheshimu desturi ya maafikiano na kuuweka mwito kando hadi BBC ibadili mawazo, au ingeweza kuendelea bila mtangazaji mkubwa kuliko wote nchini. Iliendelea. Vituo vya runinga vya ITV, Channel 4 na Five viliamua kuurusha mwito, na ukarushwa tarehe 26 Januari. Sky ikafuata njia ya BBC. Malalamiko ya maelfu ya wananchi yalimiminika BBC, wabunge zaidi ya 100 walitia saini hoja ya kuitaka ibadili uamuzi, na Douglas Alexander, waziri wa maendeleo ya kimataifa, naye aliwaomba watangazaji wafikirie tena. Miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa alikuwa John Sentamu, Askofu Mkuu wa York, mzaliwa wa Uganda, aliyesema kwamba ugomvi ule ulihusu utu, na kwamba kutopendelea upande hakukuwa kiini chake. Tony Benn, waziri wa zamani, alialikwa BBC kuzungumzia mzozo huo, naye akaitumia nafasi hiyo kusoma anwani ya kutuma michango moja kwa moja hewani, hata mtangazaji alipojaribu kumzuia. Kwa hiyo mwito ulisikika BBC, japo kwa dirisha.

Mwezi Februari wadhamini wa BBC walizikataa rufaa dhidi ya uamuzi wa Thompson, wakiona kwamba alikuwa ameamua ndani ya mamlaka yake. Kifungu hiki hupitwa haraka na wasimulizi wengi, lakini mimi nakiona kuwa cha maana: katika mzozo mzima chombo pekee kilichokuwa na utaratibu wa rufaa kilikuwa BBC. Mwanachama wa DEC aliyeona kwamba hukumu ya bodi yake imepuuzwa hakuwa na mahali pa kwenda ndani ya muundo wa umoja wake, kwa kuwa uhusiano na watangazaji ulisimama juu ya nia njema na mazoea.

Mwito ulikusanya zaidi ya pauni milioni 8. Ni rahisi kuandika kwamba BBC iliufisha, na wapo waliosema hivyo. Takwimu za miito ya karibu zinataka tahadhari. Mwito wa Kongo uliotangulia ulikusanya zaidi ya pauni milioni 10, na ule wa Darfur na Chad wa mwaka 2007 zaidi ya milioni 13, ilhali mwito wa tsunami ya Bahari ya Hindi, iliyopiga tarehe 26 Desemba 2004, ulikusanya takriban milioni 392. Maafa ya vita huchangiwa kidogo kuliko maafa ya bahari na tetemeko, na mchangiaji humhurumia zaidi yule aliyepigwa na wimbi kuliko yule aliyepigwa na jirani yake. Kukosekana kwa BBC kuliugharimu mwito wa Gaza kiasi fulani, lakini mzozo wenyewe uliutangaza kwa njia ambayo hakuna tangazo la dakika chache lingeweza kuutangaza.

Je, bodi ilifanya vyema kuendelea? Nasema ndiyo, na sababu yangu ni ya kisheria kabla haijawa ya huruma. Wadhamini walikuwa wameridhika na masharti yao matatu. Kuuacha mwito kwa sababu tu asiye mdhamini hakuridhika kungekuwa kumkabidhi mtu mwingine uamuzi ambao sheria imewapa wao. Wangekuwa na hoja tofauti endapo watangazaji wote wangekataa, kwa kuwa hapo sharti la tatu, yaani uwezekano wa umma kuitika, lingekuwa limeanguka lenyewe. Kwa vituo vitatu kukubali, sharti hilo lilisimama kwa mguu mmoja, lakini lilisimama.

Ninapoilaumu bodi ni kwa miaka iliyotangulia Januari ile. Wadhamini huru huwekwa katika bodi ya namna hii ili waulize maswali ambayo wakurugenzi wenye miradi hawana muda wa kuyauliza, na swali la wazi kuliko yote lilikuwa hili: siku watangazaji wasipoafikiana, nani ataamua na kwa utaratibu gani? Busara ile ile iliyotumika kuondoa ugomvi wa mafungu, yaani kuamua kanuni kabla ya maafa, haikutumika kwa mshirika ambaye nguvu yake ilizidi ya mwanachama yeyote. Pengine iliogopwa kwamba ukiandika kanuni ya kutoafikiana utakuwa umewafundisha watu kutoafikiana. Naielewa hofu hiyo, kwa kuwa hata kamati zetu za harusi hukwepa kuandika nani atalipa deni la ukumbi michango isipotimia, na kila mtu anajua inavyokuwa siku hiyo ikifika.

Gaza ilirudi mezani. Agosti 2014 DEC ilizindua mwito mwingine wakati wa vita vya mwaka ule, na safari hiyo BBC iliurusha. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 vilichukua muda mrefu zaidi: mwito wa Mashariki ya Kati ulizinduliwa Oktoba 2024, mwaka mmoja baadaye, ukihusisha Gaza, Ukingo wa Magharibi na Lebanon. Sharti la pili, la uwezo wa kufika, lilikuwa zito kweli katika mwaka ule, na sidai kwamba subira yote ilitokana na watangazaji.

Lakini kura ya turufu ya mwaka 2009 ilikuwa na faida moja: ilionekana. Ilikuwa na tarehe na sababu zilizoandikwa, na mtu wa kuulizwa alijulikana. Ipo nyingine isiyo na tarehe, nayo inatuhusu zaidi sisi wa upande huu wa dunia, kwa sababu inafanya kazi ndani ya sharti la tatu bila mtu yeyote kukataa chochote. Dalili za ukame wa Pembe ya Afrika zilianza kutolewa tahadhari Agosti 2010. DEC ilizindua mwito wa Afrika Mashariki Julai 2011, wakati kambi za Dadaab zilikuwa zimefurika na kamera zilikuwa zimefika, na tarehe 20 mwezi huo Umoja wa Mataifa ukatangaza njaa kali katika sehemu za Somalia. Umma uliitika kwa ukarimu, ukatoa takriban pauni milioni 79. Oxfam na Save the Children, wote wanachama wa DEC, walikiri katika ripoti yao ya pamoja ya Januari 2012 kwamba dunia ilikuwa imechelewa, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 yaliweka vifo vya njaa ile nchini Somalia kwenye watu wapatao 258,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano.

Hakuna bodi iliyokaa ikaamua kuwasubirisha. Sharti linalotaka umma uwe umekwisha kuelewa na kuguswa haliwezi kutimizwa na ukame, kwa kuwa ukame huua taratibu na hauna siku moja ya kuonyeshwa katika habari za saa moja. Mwaka 2017 mwito wa Afrika Mashariki ulitoka mapema zaidi, mwezi Machi, kwa ajili ya Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia na Kenya. Mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekosekana Pembe ya Afrika kwa misimu kadhaa mfululizo, DEC ilizindua mwito wa Ukraine mwezi Machi, ambao ulipita pauni milioni 400, na wa mafuriko ya Pakistan mwezi Septemba. Mwito wa pamoja wa Afrika Mashariki haukuzinduliwa mwaka huo, na hakukuwa na taarifa ya kukataa ambayo mbunge, askofu au mwanachama angeweza kuikatia rufaa.